Eze, Swali Lako Halina Jibu

Eze, mdogo wangu,

Huku tu wazima. Mama naye mzima, isipokuwa goti, ambalo analisema kila asubuhi kama jirani mwenye kisirani. Lami ya Sumbawanga imeshapita njia panda ya kwetu Ndalambo, kwa hiyo siku hizi nikienda kumwona sifiki nikiwa na rangi ya tofali. Tunduma malori yamezidi. Foleni inaanzia mpakani na sijui inaishia wapi. Watu wanasema tutakatwa kutoka Mbeya tupewe mkoa wetu. Mimi nimesema wakikata wakate upesi, maana fomu zote zitabidi zichapwe upya, na mwenye mashine za kuchapa unamjua.

Haya. Salamu zimeisha, sasa malalamiko. Ninayo matatu na nimeyapanga.

La kwanza ni la zamani, na Baba mko naye huko huko, msikilize wote wawili. Nilifaulu darasa la saba. Jina langu lilisomwa mbele ya shule nzima, Mama akapika wali siku ambayo haikuwa sikukuu. Kisha Baba akasema ada itakungojea wewe. Wewe, Eze, uliyekuwa darasa la nne na kamba za viatu nilikuwa nakufunga mimi! Nikapelekwa kwa shangazi Tunduma kuuza dagaa wa Mpulungu. Siku ulipopita kuniaga ukienda sekondari, ulisimama pale kwenye meza yangu, sare bado inanuka duka, ukasema, "Dada, kila watakachonifundisha nitakuletea nusu." Nikakuuliza nusu ipi, ya kichwa au ya mkia. Ukasema nichague mwenyewe. Nilicheka, ila dagaa wa siku ile niliwapima kwa hasira.

Na kweli ulileta, sitakunyima haki yako. Likizo baada ya likizo, hesabu zako nilizisoma juu ya karatasi za kufungia dagaa. Nikafanya mtihani wa QT, ule wa kuwastahilisha watahiniwa binafsi, watu wakinicheka, nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi, na wakati huo nilikuwa nimeshaacha dagaa nimefungua steshenari: kwanza taipureta, halafu fotokopi, halafu kompyuta mbili, moja nzima na nyingine ya kubembeleza. Hakuna aliyenishika mkono kwenye hayo. Ninalisema hapa kwa sababu mazishini kwako baba mdogo alisimama akawaambia watu kwamba wewe ndiye uliyenifungulia duka. Duka nililifungua mimi. Wewe ulinifungua kichwa. Ni vitu viwili.

Ulipokwenda chuo kikuu Dar kusomea kompyuta, nusu yangu ikawa inakuja kwa simu, Jumapili baada ya ibada. Mama akija kunitembelea alikuwa akinikuta nimeinama juu ya kaunta naandika huku simu imebanwa na bega, anasema, "Hawa wanaongea kama wachumba." Angejua tulikuwa tunaongea nini!

Unakumbuka siku uliyoniambia mnasoma lugha rasmi? Nikakujibu kwamba hiyo mbona naijua, lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, kila fomu ninayochapa imeandikwa hivyo. Ulicheka mpaka salio likakatika. Ulipopiga tena ukasema, "Siyo hiyo ya serikalini, Dada. Hii ni lugha yenye sheria kavu. Unachukua herufi zako chache, unatengeneza maneno, halafu unauliza swali moja tu: neno hili limo, au halimo?" Nikauliza maana yake je. Ukasema maana haituhusu. Limo au halimo, basi. Nikakuambia hiyo ni lugha ya askari wa geti. Ukasema, "Dada, nani amekufundisha?"

Kuanzia siku hiyo tukafundishana kwa malori, maana ndiyo tuliyokuwa nayo. Herufi zikawa mbili: k ni kichwa cha lori, t ni tela. Ukaniambia niandike sheria ya magari yanayoruhusiwa barabarani. Kichwa peke yake kinapita. Kichwa na tela kinapita. Kichwa na matela mawili kinapita. Tela bila kichwa halipiti, nani atalivuta? Sheria nzima ukaiweka kwenye alama tatu, k, t na nyota: kt*. Hiyo sheria fupi, ambayo wenzako chuoni walikuwa wanaipa jina refu la Kiingereza, mimi na wewe tukaiita kigezo.

Nami nikaharibu mara moja. Nikakutumia meseji nimeandika *kt, nyota mbele, kwa sababu maisha yangu yote nyota ya simu nimeiona inakaa mbele, unapoongeza salio. Ukajibu, "Nyota inasimama nyuma ya kitu na kukirudia, hata mara sifuri. Ukiiweka mbele haina cha kurudia. Halafu Dada, usibonyeze kupiga, utajikuta umejiunga na kifurushi." Nilikuwa nimeshabonyeza.

Nikakubishia pia. Nilisema kigezo chako kinaruhusu kichwa kimoja na matela mia, na gari hilo halitafika hata kwenye mizani ya malori pale Mpemba. Ukasema kwenye karatasi hakuna mizani. Hilo sikulipenda. Sisi tuliokulia barabarani hatuamini kitu kisicho na mizani. Lakini nililimeza.

Na lile la neno tupu! Uliniambia kuna neno lisilo na herufi hata moja, na bado ni neno. Nikasema Dar wamekuharibu. Ukaniuliza, "Lori likirudi kutoka Zambia halina mzigo, halipiti getini?" Nikasema linapita, na dereva anagongewa muhuri kama kawaida. "Na geti likifungwa kabisa?" Hapo hakuna kinachopita. "Basi," ukasema, "gari tupu siyo sawa na hakuna gari." Eze, watu wanalipa ada miaka mitatu kuelewa kitu hicho. Mimi nilikielewa nikiwa nimeshika stepla.

Kisha ukanipa zoezi la ukoo. Ulisema niandike kigezo kitakachotunasa sisi wote, wa Ndalambo na wa ng'ambo, ambako jina letu wanaliongezea u. Nikaona rahisi. Ulikuwa umenifundisha alama ya kuuliza, kwamba inasema herufi inayoitangulia iwepo isiwepo sawa tu. Nikaandika Simu?konda. Kinamnasa Simkonda wa huku, kinamnasa Simukonda wa Nakonde, Zambia. Nikakutumia kwa maringo. Ukapiga simu unacheka kicheko kile cha puani, unasema, "Dada, jitafute humo." Nikajitafuta. Simo! Wanaume wa kwetu ni Si, wanawake ni Na. Baba Simkonda, wewe Simkonda, mimi Namkonda tangu kuzaliwa, na nilikuwa nimeandika ukoo mzima nikajiacha nje kwa mkono wangu mwenyewe. "Baba angefurahi sana," ukasema, mshenzi wewe. Nikakata simu. Baadaye nikaandika upya, nikaweka Si au Na mwanzoni ndani ya mabano, na ule mstari wa kusimama katikati yao: (Si|Na)mu?konda. Tukaingia wote.

Lalamiko la pili linahusu swali la Krismasi.

Ulinitumia mwezi wa kumi. Ulisema lori linalovuka kwenda Zambia ni herufi v, linalorudi ni r. Yanavuka kwanza yote, halafu yanarudi. Niandike kigezo kinachokubali pale tu idadi ya yaliyovuka na yaliyorudi iko sawa, iwe mawili kwa mawili, au mia kwa mia. Ukamalizia, "Usinipigie mpaka upate. Nakuja Krismasi, nitakagua."

Nikaanza na v*r*. Hapana: hiyo inakubali yavuke kumi yarudi mawili, na mwenye malori anakufa kwa presha. Nikaandika vr au vvrr au vvvrrr, nikaona nitaandika mpaka karatasi za steshenari ziishe na bado kutakuwa na msafara mmoja mrefu zaidi ya niliouandika. Nikaweka nyota ndani ya mabano, nje ya mabano, kila mahali. Mimi ninayepiga hesabu ya kwacha na shilingi kichwani huku naongea na mtu mwingine! Dereva mmoja wa Kitwe aliyekuja kupiga fotokopi aliniuliza, "Basista, nani amekuudhi?" Nikamwambia mdogo wangu.

Krismasi hukuja. Mwezi wa kumi na moja figo zako zikakataa, na ndani ya wiki moja ukawa... Aliyenipigia ni mwenzako wa chumbani. Niliona jina lako kwenye simu, nikajua unataka kunicheka, nikapokea kwa kusema, "Bado sijapata, niache." Ndivyo nilivyosema. Kumbe ni yule kijana wa watu. Sijui alielewa nini.

Lalamiko la tatu ni hilo. Siliandiki.

Baada ya kukuzika nilikaa na Mama, nikarudi dukani, nikachapa barua za watu. Swali lako likawa limekaa pale pale. Ningeweza kuliacha, nani angekagua? Lakini nilikuwa nimekasirika, na unajua mimi nikikasirika nafanya kazi vizuri. Nikasema huyu hawezi kuondoka na jibu langu.

Nikaacha kuandika vigezo, nikaanza kumfikiria askari wa geti. Uliwahi kuniambia kwamba kila kigezo kina askari wake: hana karatasi, hana kalamu, hana vidole vya kuhesabia. Ana hali tu, za kuhesabika. Lori likipita, anatoka hali moja anaingia nyingine, na alikotoka amesahau. Nikampa huyo wangu hali tano. Amekaa. Amesimama. Anakuna kidevu. Anapiga mwayo. Amenuna. Nikayapitisha malori ya kwenda moja moja na kuandika yuko hali gani, kuanzia kabla ya lori la kwanza mpaka baada ya la tano. Hizo ni nyakati sita, Eze. Hali ni tano. Lazima kuna nyakati mbili amekuwa katika hali ile ile! Tuseme baada ya lori la pili alikuwa anakuna kidevu, na baada ya la tano pia anakuna kidevu. Sasa yarudi mawili. Kama anafunga geti kwa furaha pale yalipovuka mawili, basi atafunga kwa furaha vile vile yalipovuka matano, maana kwake ni kidevu kile kile. Malori matatu yamepotelea Zambia na askari anasinzia. Mwongezee hali, mpe elfu moja. Nitampitishia malori elfu moja na yeye atajirudia tu.

Hakuna kigezo. Hakikuwepo tangu mwanzo. Ulinitumia swali lisilo na jibu, ukaniambia nisikupigie mpaka nipate!

Nilicheka peke yangu dukani mchana kweupe, nikapiga kaunta kwa kiganja, nikasema, "Eze, mwizi mkubwa wewe!" Mama Sikujua wa duka la vitenge akaja mbio kunishika mabega akidhani msiba umenirudia. Nikashindwa kumweleza. Nikamwambia tu kwamba umenitania. Akaniangalia, akaenda kuniletea uji.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana hayo yote nayaandika ili nifike hapa.

Kuna chuo kidogo cha ufundi Vwawa, wanafundisha ushonaji, umeme na kompyuta. Mwalimu wao wa kompyuta alihamia Mbeya, wakawa wanatafuta mwingine. Nikapeleka maombi. Usinicheke. Tangu jina langu lisomwe mbele ya shule nzima pale Ndalambo nimekuwa nikitaka kusimama mbele ya ubao, na sikumwambia mtu, hata wewe. Wakaniita nije nifundishe somo moja la majaribio, wanafunzi wapo, mkuu wa chuo yupo, nikipita nimepata, nisipopita nirudi kwenye fotokopi zangu. Somo walilonipa: jinsi ya kutafuta majina ndani ya orodha ndefu. Nikasema Mungu ana utani kama wa mdogo wangu.

Nilivaa ile suti ya bluu. Mkuu wa chuo ni mama mmoja wa Rombo, wote wanamwita Madam, anaongea taratibu na haachi kitu kipite. Kabla sijashika chaki akaita vyeti, akaviweka mezani viwili, sambamba. "Huyu Yusta Simkonda wa darasa la saba ni nani? Na huyu Yusta Namkonda wa kidato cha nne?"

Unajua kilichotokea: mwalimu wetu wa msingi hakuwa mtu wa kwetu, aliniandika kwa jina la Baba kama lilivyo, na hakuna aliyemsahihisha. Nilipokuwa mtu mzima nikajiandikisha kwa jina langu. Nikamwambia Madam wote ni mimi.

"Hapana, mama. Hawa ni wawili. Nimeshaletewa hapa vyeti vya dada mtu, vya wifi mtu, mpaka vya marehemu."

Nikaona darasa la nne na kamba zako za viatu, nikaona meza ya dagaa, nikaona ninarudishwa tena kwa sababu ya jina la mwanamume. Nikaomba ruhusa nianze somo, na jibu lake litakuwa ndani ya somo. Akaketi. Akakunja mikono.

Nikaandika majina manne ubaoni, Simkonda, Simukonda, Namkonda, Namukonda, nikawauliza wanafunzi hao ni koo ngapi. Wanyiha wakasema nne. Wanyamwanga wawili waliokuwepo, watu wa kabila letu, wakaruka kwenye viti, "Moja! Moja!" Nikawaeleza Si na Na, nikawaeleza u ya ng'ambo, kisha nikawajengea kigezo kipande kwa kipande, mabano, mstari, alama ya kuuliza. Kijana mmoja nilimwita ajaribu mwenyewe kwanza, akaandika kile kile nilichokuandikia wewe. Msichana wa kiti cha nyuma, Subira Namwinga, akasema kwa sauti, "Na sisi je? Sisi tumezaliwa na mti?" Darasa likaangua kicheko. Kijana akafuta, akaongeza Na. Nikakandamiza chaki chini ya herufi ya mwisho, nikageuka kwa Madam. Nikasema vyeti vyote viwili vimo.

Nilidhani nimemaliza. Akainua kidole.

"Kigezo chako kimekukubali wewe. Kimemkubali na baba yako?" Nikasema ndiyo. "Na kaka zako?" Nikasema nilikuwa na mdogo wangu mmoja, ndiyo, kimemkubali. "Na shangazi zako wa Zambia?" Na wao. "Sasa nimwajiri nani kati yenu?"

Wakacheka mpaka wa ushonaji wakachungulia dirishani. Na alikuwa sahihi! Kigezo kinasema jina limo. Hakisemi ni la nani. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa kujitetea. Nikasimama pale na chaki, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga. Nilisema, "Madam, baba yangu hayupo. Mdogo wangu aliyenifundisha haya naye hayupo. Shangazi hawawezi kuwasha kompyuta. Niliyebaki ni mimi."

Madam akavirudisha vyeti kwenye bahasha, taratibu, akasema, "Pole, mama. Endelea na somo. Lakini kiapo cha mahakama utaniletea, kigezo hakina muhuri."

Nikaendelea. Na zilipobaki dakika chache, yule Subira, ambaye baba yake ni dereva wa masafa, akanyoosha mkono. Alikuwa ameshaelewa nyota. Akasema, "Mwalimu, mimi nataka kigezo cha gari za baba. Zikienda nyingi, zirudi hizo hizo. Tunaandikaje?"

Sikupanga naye, naapa. Nilihisi mtu amesimama nyuma yangu anacheka kicheko cha puani. Nikamwambia, "Subira, haiandikiki. Njooni niwaonyeshe kwa nini." Nikamwita yule kijana wa ubaoni awe askari, nikampa hali tatu tu, kukaa, kusimama, kukuna kidevu, nikawapitisha wenzake mbele yake wakinguruma kama malori. Lori la tatu askari alikuwa amerudi kwenye kiti. Wakaliona wenyewe kabla sijasema. "Amesahau! Amesahau!" Nilikuwa nimelibeba peke yangu mwaka mzima, na sasa darasa lote linalipigia kelele.

Madam akasimama nyuma ya darasa. "Mwalimu," akasema, na hilo neno nililisikia vizuri, "mkimpa huyo askari ndoo ya kokoto?" Nikamwambia sikuelewa. Akaja mbele, akachukua vipande vya chaki kwenye boksi: lori likienda, askari anadondosha kokoto ndooni, lori likirudi, anatoa moja, mwisho ndoo ikiwa tupu, basi yamerudi sawa. Ni lugha ya daraja jingine, alisema, juu ya hii yetu. Kigezo hakiifikii, lakini askari mwenye ndoo anaifikia.

Nilimtazama yule mama mikono yake imejaa chaki, nikafurahi, na papo hapo nikaumia. Kitu cha kwanza nilichojifunza kwenye lugha hizi ambacho hukuniletea wewe. Sijui kama ulikuwa unakijua. Sina wa kumuuliza.

Kiapo nimekipata. Baba mdogo alitoka Ndalambo na koti la harusi kunishuhudia. Hakimu akamuuliza anamfahamuje huyu mwanamke, akajibu, "Mheshimiwa, nilimbeba akanikojolea, atakuwa nani mwingine?" Kikagongwa muhuri. Na pale nje nilimwambia, kwa heshima, kuhusu ile hotuba yake ya duka. Akasema atairekebisha siku ya kumaliza msiba wa mtu mwingine. Nimeikubali ahadi hiyo.

Nimeajiriwa, Eze. Duka nimemwachia binti wa shangazi asubuhi, jioni nalirudia mwenyewe. Barua hii naiandika katika chumba cha walimu, Vwawa, nina kiti na droo yenye kufuli. Nje kuna baridi ya Mbozi, mikono inashika kalamu kwa shida. Darasa la leo ni la wageni kabisa, wengine hawajawahi kugusa kompyuta, na nimewaandalia malori.

Nakuahidi jambo moja. Wakiniuliza nisichokijua, nitasema sijui, mbele yao wote, halafu nitakwenda kukitafuta na kuwarudishia. Sitawaacha na swali mpaka Krismasi. Na wasichana watakaoambiwa wangoje, nitawafuata majumbani kwao niongee na baba zao mwenyewe. Nina suti na nina sauti.

Pumzika, mdogo wangu. Msalimie Baba, mwambie sina kinyongo kikubwa, ni cha kati.

Wamegonga rimu ya lori hapo nje, ndiyo kengele yetu. Nasikia wanavuta viti. Naingia.

Dada yako,
Mwalimu Yusta Namkonda